Shule za Kati: Kiingereza na Uraia kati ya Darasa la Tano na la Nane

Shule ya kati ilikuwa ngazi ya miaka minne, kuanzia darasa la tano hadi la nane, iliyowekwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 katikati ya shule ya msingi ya kijijini na sekondari. Kenya nayo ilikuwa na ngazi kama hiyo miaka hiyo hiyo. Aliyefika humo alikwisha kupenya mtihani mmoja, wa darasa la nne, na mbele yake ulimngoja mwingine, wa darasa la nane, ambao ungewarudisha nyumbani wengi wa wenzake. Hesabu, sayansi, dini na kazi za mikono zilifundishwa humo kama kwingineko, lakini masomo yanayoeleza vizuri zaidi shule hizo zilitaka nini kwa mtoto ni mawili: Kiingereza upande mmoja, na upande wa pili lile fungu la historia, jiografia na uraia ambalo baadaye lilikuja kuitwa maarifa ya jamii. Kiingereza kilifundishwa kwa ajili ya mtoto atakayeondoka. Uraia ulifundishwa kwa ajili ya mtoto atakayebaki. Wote wawili walikaa dawati moja, na hakuna aliyejua yupi ni yupi mpaka matokeo yatoke.

Mvutano huo ulianza kabla ya shule za kati zenyewe. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, walitaka makarani, wakalimani na maakida. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili, na Kijerumani kilikuwa somo tu, kwa sababu barua nyingi za utawala, pwani hata bara, ziliandikwa kwa Kiswahili. Shule hiyo ya Tanga ndiko lilikochapishwa gazeti la Kiongozi, lililosomwa na wale wale waliohitimu. Elimu na kazi vilitumia lugha moja, na swali la nani aondoke na nani abaki halikuwa na makali makubwa.

Makali yaliingia na Waingereza. Idara ya Elimu ilianza kazi mwaka 1920, na mwaka 1924 ikaja Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, akiwemo James Aggrey, mwalimu maarufu mwenye asili ya Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana. Tume ilishauri elimu ya Mwafrika ifungwe kwenye mazingira yake: kilimo, afya, ufundi na maisha ya kijiji. Ushauri huo uliwapendeza maofisa waliohofu kuzalisha wasomi wengi wasio na kazi, na ulifika mbali zaidi huko Malangali, katika nyanda za juu za kusini, ambako W. B. Mumford alianzisha shule mwaka 1928. Wanafunzi wa Malangali walivaa mavazi ya kienyeji, walicheza ngoma na kurusha mikuki, na wazee wa eneo lile walihusishwa katika malezi yao. Tabora mambo yalikuwa kinyume kabisa: shule ya serikali iliyojengwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza, yenye viranja, nyumba za wanafunzi na mashindano, na yenye watoto wengi wa machifu. Serikali moja ilikuwa ikiendesha mawazo mawili kwa wakati mmoja.

Njia aliyopita Julius Nyerere inaonyesha namna ngazi zilivyounganishwa kabla ya shule za kati. Aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na mwaka 1937 akapelekwa Tabora. Mtoto wa Butiama aliyeanza kusoma kwa Kiswahili alihama, kwa hatua moja tu, na kuingia katika shule ambayo maisha yake yote yaliendeshwa kwa Kiingereza. Waliofanikiwa kuruka hatua hiyo walikuwa wachache mno, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ilihitaji wengi zaidi wa kujaza nafasi za ukarani, ualimu, uganga na ubwana shamba.

Mpango wa Miaka Kumi wa elimu ya Waafrika wa mwaka 1947, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1950, ndio uliozaa mfumo wa minne minne: miaka minne ya msingi, minne ya kati, minne ya sekondari. Shule ya msingi ilikuwa karibu na nyumbani na iliendeshwa kwa Kiswahili. Shule ya kati ilikuwa mbali. Nyingi zilikuwa za bweni, chini ya misheni au serikali za wenyeji, na mtoto wa miaka kumi na mbili au kumi na minne alikwenda huko na sanduku la bati, blanketi na kaptula ya kaki. Kwa familia ya mkulima hiyo ilikuwa gharama nzito, tena ikilipwa kwa matumaini ya jambo moja: Kiingereza.

Mwanafunzi wa darasa la tano aliingia akiwa na Kiingereza kidogo sana, na alitazamiwa amalize darasa la nane akiweza kusoma maswali ya masomo mengine katika lugha hiyo. Miaka minne kwa kazi hiyo ni michache. Njia iliyopendwa enzi zile ilikuwa ya vitendo. Mwalimu alimwita mtoto mbele, mtoto akainuka, akaenda mlangoni, akafungua mlango, akarudi kukaa, na kila hatua akaitamka kwa Kiingereza wakati akiifanya. Kisha mwalimu akawauliza wa safu ya nyuma huyu amefanya nini, nao wakajibu kwa pamoja, sasa kwa wakati uliopita. Hapo ndipo vitenzi visivyofuata kanuni vilipowaangusha wengi, na dawa pekee ilikuwa kuviimba orodha nzima, kama walivyoimba jedwali la kuzidisha. Nafsi ya tatu nayo ilisumbua hata waliokuwa mbele ya darasa, kwa sababu mtoto wa Kibantu hakuwahi kuulizwa na lugha yake kama anayemsema ni mwanamume au mwanamke. Vitabu vilifuata mpango huo huo wa kwenda hatua kwa hatua, maneno machache mapya kila somo. Vile vya F. G. French, vilivyotolewa na Oxford kwa Afrika Mashariki, vilijulikana sana madarasani.

Kuandika kulikuwa na nidhamu yake. Imla ilisomwa mara tatu. Mara ya kwanza mwanafunzi aliweka kalamu chini na kusikiliza. Mara ya pili mwalimu alisoma vipande vifupi vifupi, akitembea kati ya madawati, nao wakiandika kwa kalamu za kuchovya zilizomwaga wino asiyekuwa mwangalifu. Mara ya tatu ilikuwa ya kurekebisha, na baada ya hapo kila kosa la tahajia lilikatwa alama yake. Ufahamu na sarufi vilifuata, na juu ya yote insha. Barua ilikuwa insha ya lazima, hasa barua ya kuomba kazi: anwani juu kulia, tarehe chini yake, salamu rasmi, sababu ya kuandika katika aya ya kwanza, sifa za mwombaji katika aya ya pili, na mwisho maneno ya unyenyekevu yaliyokaririwa neno kwa neno. Ukitaka kujua shule ya kati ilimtazamia mtoto awe nani, barua hiyo inatosha. Ilimfundisha kujieleza kwa mtu asiyemjua, katika ofisi asiyowahi kuiona, kwa lugha ambayo mama yake asingeielewa.

Kadiri madarasa yalivyopanda ndivyo masomo mengine nayo yalivyogeuzwa kuwa ya Kiingereza, na ikafika mahali Kiingereza kikawa kipimo cha kila kitu. Mtoto hodari wa jiografia aliyeshindwa kulielewa swali alihesabiwa hajui jiografia. Walimu wenyewe, ambao wengi walikuwa wamesoma miaka michache tu kuwazidi wanafunzi wao, walifundisha lugha waliyokuwa bado wanajifunza. Hilo si la kuwalaumu. Kwa vifaa walivyopewa, kiasi cha Kiingereza walichokiotesha katika shule za mbali kama zile ni cha kushangaza.

Upande wa pili wa ratiba ulianzia nje ya dirisha. Jiografia ilikwenda kutoka karibu hadi mbali: kwanza ramani ya darasa, halafu ya kiwanja cha shule, ya kijiji, ya wilaya, ndipo Tanganyika, Afrika na ulimwengu. Shule iliyokuwa na kipimamvua iliweka zamu. Mwanafunzi mmoja alikisoma asubuhi, akaandika kiasi kwa inchi kwenye chati ya ukutani, na mwisho wa mwezi darasa zima likachora mchoro wa nguzo. Katika kiwanja watoto walifinyanga milima na mabonde ya wilaya yao kwa udongo na mchanga, mito ikachorwa kwa majivu. Kwa kipimo chochote hicho kilikuwa kipande bora cha ufundishaji katika shule ya kati, pengine kwa sababu hakikutegemea kitabu.

Historia haikuanzia karibu namna hiyo. Ilikwenda kwa watu mashuhuri, na mashuhuri hao walikuwa wageni: Vasco da Gama aliyefika pwani mwaka 1498, wamisionari Krapf na Rebmann, Livingstone na Stanley, halafu kugawanywa kwa Afrika na kuja kwa serikali. Biashara ya watumwa ilipewa nafasi kubwa, na kukomeshwa kwake kukawa ndiyo sababu ya mambo yote yaliyofuata. Vita vya Majimaji vilikuwamo kama maasi. Mtoto aliyezaliwa Songea au Kilwa aliyasikia hayo darasani, na likizo akasikia mengine kwa babu yake aliyeyaona.

Uraia ulikuwa somo la utii wenye maelezo. Mwanafunzi alijifunza kodi inakwenda wapi, mahakama ya chifu ina mamlaka gani, bwana shauri anafanya nini, posta inafanyaje kazi, kwa nini choo kichimbwe na ng'ombe waogeshwe. Mengi ya hayo yalikuwa na faida ya kweli. Lakini somo lenyewe lilisimama juu ya jambo lisilosemwa: waliofundishwa uraia hawakuwa raia. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1946, na wenyeji wake kwa sheria walikuwa watu wanaolindwa na Uingereza, wasio na kura. Mwaka 1953 serikali iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na hivyo mwalimu wa serikali aliyesimama mbele ya darasa kueleza namna nchi inavyotawaliwa hakuruhusiwa kuingia katika siasa ya kuibadilisha.

Nyerere, aliyerudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na kufundisha historia na Kiingereza katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, alilazimika kuchagua. Chama cha siasa cha TANU kilikuwa kimezaliwa Julai 7, 1954, naye akiwa rais wake. Machi 1955 aliacha kazi ya ualimu. Nchi ikabaki ikimwita Mwalimu.

Halafu, mwaka 1958, darasa la nane lenyewe likageuka kuwa jambo la siasa. Katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au awe anashika kazi fulani zilizotajwa, au awe amesoma kufikia darasa la nane. Kwa Waafrika wengi hilo la mwisho ndilo lililokuwa na mlango. Kijana aliyemaliza shule ya kati na kukosa sekondari, aliyehesabiwa kuwa ameshindwa, alijikuta na sifa ambayo baba yake mwenye ng'ombe hamsini huenda hakuwa nayo. Masharti hayo yalikuwa ya kibaguzi, na TANU iliyakubali kwa shingo upande katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, kisha ikashinda kwa kuyatumia.

Kitu kilichowakera wazazi zaidi kuliko siasa kilikuwa jembe. Waliopanga shule za kati walitaka ziwe na mwelekeo wa kilimo: kila shule na shamba lake, mifugo yake, mahesabu yake ya mbegu na mavuno, ili yule asiyefaulu arudi nyumbani akiwa mkulima bora na mwananchi mwenye kufaa. Uraia ulihamia shambani. Wanafunzi waligawanywa kwa vikundi, wakachagua viongozi na mweka hazina, wakajadili mavuno yauzwe wapi. Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Wazazi waliuona kwa macho mengine: mtoto ameuziwa mbuzi wawili ili alipiwe ada, amekwenda maili arobaini, na huko anafundishwa kulima, kazi ambayo hata asiyejua kusoma anaiweza. Tena saa za shamba ziliibwa kutoka kwenye saa za Kiingereza, na mtihani wa darasa la nane haukuwa na swali la kupalilia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwelekeo huo uliachwa, na shule za kati zikarudi kuwa zile wazazi walizozitaka tangu mwanzo. Kwa wasichana, ambao wengi hawakuvuka darasa la nne, mapishi, ushonaji na malezi vilishika mahali pa shamba.

Kenya ilifika mahali hapo hapo kwa njia yenye uchungu zaidi. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ilipendekeza minne minne vilevile, na mtihani wa darasa la nne uliowachuja watoto wengi mapema. Wakikuyu waliokuwa wameanzisha shule zao za kujitegemea tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 waliuona mpango huo kama namna ya kufunga mlango. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, serikali ilizifunga shule hizo au kuzichukua. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mtoto wa shule wakati huo, alieleza jinsi Gĩkũyũ kilivyokatazwa na Kiingereza kuwekwa mahali pake. Aliyekamatwa akisema lugha ya kwao karibu na shule alichapwa, au alivikwa kibao shingoni chenye maneno ya kumdhalilisha, au alitozwa faini ambayo hakuimudu kwa urahisi. Ili kumpata mkosaji, kitufe kilipewa mtoto mmoja asubuhi, naye akampa yeyote aliyemsikia akitumia lugha ya mama, na aliyekuwa nacho jioni alitaja aliyempa, huyo naye akamtaja wake, mpaka mnyororo mzima ukajulikana. Katika mtihani wa darasa la nane, ulioitwa KAPE, aliyeanguka Kiingereza alihesabiwa ameanguka mtihani wote, hata angeng'ara katika mengine.

Tanganyika nayo ilikuwa na shule zilizokataza lugha za nyumbani, ila Kiswahili kiliilegeza hali. Mtoto wa Kihaya na mtoto wa Kigogo waliokutana bweni walikuwa na lugha ya kuzungumza ambayo si ya mmoja wao wala ya mkoloni. Tofauti hiyo ndiyo iliyozitenganisha nchi hizo mbili baada ya uhuru.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 ilikuwa na wanafunzi 490,000 wa shule za msingi, wengi wao wakiishia darasa la nne, na 11,832 tu wa sekondari nchi nzima. Mwaka 1962 shule za Waafrika, Wahindi na Wazungu ziliwekwa chini ya mfumo mmoja. Shule ya kati ilifutika polepole baada ya hapo. Mtihani wa darasa la nne ulianza kuondolewa, madarasa ya juu yakaunganishwa na ya chini, miaka minane ikapunguzwa kuwa saba, na katikati ya muongo huo darasa la nane likaanza kutoweka, mkoa baada ya mkoa. Majengo yalibaki, na katika miji mingi ya wilaya wazee waliendelea kuyataja kwa jina la zamani.

Kilichobadilisha matarajio yenyewe ni kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea, alichokitoa Nyerere Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Hoja yake kubwa ilihusu wale wanaobaki. Mwaka huo ni asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi waliopata nafasi ya sekondari, na mfumo mzima ulikuwa umepangwa kwa ajili yao, huku asilimia 87 wakitoka na hisia ya kushindwa. Akataka elimu ya msingi ijitosheleze. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia mpaka darasa la saba, na Kiingereza kikashuka kuwa somo. Shamba likarudi shuleni, sasa kwa jina la kujitegemea, na mzee aliyelima shule ya kati mwaka 1954 angeweza kusamehewa kama aliona amekwisha kuliona jembe hilo. Serikali ilikuwa nyingine na sababu zilikuwa nyingine, hilo ni kweli, lakini shaka la wazazi halikubadilika sana.

Uraia uligeuka kuwa siasa. Somo hilo jipya lilimtazamia mtoto ajue historia ya TANU, Azimio la Arusha, vijiji vya ujamaa, na vita vya ukombozi vya Msumbiji, Angola na kusini mwa Afrika. Kumbukumbu nyingi za vizazi vilivyolisoma ni za sauti: ahadi za mwanachama zikitamkwa paredini, nyimbo za mchakamchaka kabla jua halijachomoza, ngonjera mbele ya mgeni rasmi. Historia nayo iliandikwa upya. Idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatazama wenyeji kama watendaji wa mambo yao, na mwaka 1969 I. N. Kimambo na A. J. Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichouweka mtazamo huo mikononi mwa walimu. Majimaji yakaacha kuwa maasi, yakawa vita vya ukombozi. Kinjeketile na Mkwawa wakachukua kurasa zilizokuwa za Livingstone. Lakini namna ya kufundisha haikubadilika kama yaliyofundishwa: mwanafunzi wa siasa alikariri kama babu yake alivyokariri majina ya magavana, na maswali ambayo hayakuulizwa mwaka 1953 kuhusu nani anatawala na kwa idhini ya nani hayakupata nafasi kubwa zaidi mwaka 1973.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, maarufu kama UPE. Makumi ya maelfu ya vijana, wengi wao wahitimu wa darasa la saba, waliandaliwa kuwa walimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, redio na usimamizi wa waratibu. Watoto walijaa madarasani, na kwa muda Tanzania ilikuwa mfano Afrika nzima kwa kusoma na kuandika. Kiingereza ndicho kilicholipa gharama. Mwalimu aliyetoka darasa la saba la Kiswahili alipewa kukifundisha darasa la tatu, akiwa na kitabu kimoja na ubao. Sekondari, hata hivyo, iliendelea kufundisha kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo igeuke kuwa ya Kiswahili, serikali ilikataa. Hivyo lango lililokuwa mwanzoni mwa shule ya kati likahamishwa tu, likawekwa siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, na mtoto akatakiwa kulipita kwa wiki chache badala ya miaka minne.

Kenya ilichukua njia nyingine. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu madarasa ya chini, na vitabu vya Peak vikafundisha kizazi kizima. KAPE ilifutwa, na baadaye ukaja mtihani wa CPE, wenye Kiingereza, hesabu na karatasi ya maarifa ya jumla iliyobeba sayansi, historia na jiografia. Jambo lisilojulikana sana kwa wananchi lakini lililoacha alama ni mkutano wa waelimishaji uliofanyika Mombasa mwaka 1968. Nchi kadhaa za Afrika zilikubaliana hapo kwamba historia, jiografia na uraia vifundishwe kama somo moja, linaloanzia kwenye maisha ya mtoto na kumtaka aulize na kuchunguza. Programu iliyotokana na mkutano huo iliweka makao yake Nairobi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, masomo hayo matatu yaliunganishwa kweli, na kila Mkenya wa umri huo anaijua GHC, yaani Geography, History and Civics: ramani yenye herufi na mishale, maswali ya kuchagua jibu, ziwa lipi na chifu yupi. Uchunguzi uliotakiwa Mombasa haukuwa na mahali katika karatasi ya kuchagua A, B, C au D. Insha ya Kiingereza ilibaki kuandikwa kwa mkono, na watahiniwa wakaja na misemo iliyokaririwa kutoka vitabu vya mazoezi, ya machweo na moyo kudunda, wakaipachika katika habari yoyote.

Tanzania iliacha somo la siasa baada ya kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992, ikarejesha uraia, na tangu hapo historia, jiografia na uraia vimeunganishwa, vikatenganishwa, na kuunganishwa tena chini ya jina la maarifa ya jamii kila mtaala ulipoandikwa upya. Sera ya elimu ya mwaka 2014 katika toleo lake la 2023 imepunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita na kuifanya sekondari ya kawaida kuwa ya lazima. Utekelezaji wake ulianza mwaka 2024.

Kenya, baada ya miaka sitini hivi, imerudisha ngazi ya kati. Januari 2023 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya saba ya kile kinachoitwa Junior School, ngazi ya miaka mitatu, gredi ya saba hadi ya tisa, iliyowekwa katika viwanja vya shule za msingi baada ya mjadala mrefu wa kitaifa. Kiingereza na maarifa ya jamii ni masomo ya lazima humo, na kilimo pia kimo. Katika maarifa ya jamii mwanafunzi anatakiwa kufanya mradi wa jamii: atafute tatizo la mtaa wake, akusanye habari, apendekeze suluhisho na kuliwasilisha. Tathmini ya mwisho wa gredi ya tisa haikusudiwi kumtoa mtu shuleni. Inampeleka katika mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo.